Siku ya chanjo ya mbuzi, tulete pia mbwa na paka



Kila mara munganga wa mifugo anapofika kijijini, tunaona mustari murefu wa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mbwa wanalala pembeni, hakuna mwenye kuwaleta. Tulipotembelea ushirika mumoja wa maharagwe na mahindi ku milima ya Kivu ya Kusini, tuliuliza sababu. Papa mumoja akajibu: "Imbwa, nani atailipia chanjo? Imbwa haitoake maziwa." Watu wote wakacheka.

Mama mumoja hakucheka. Mutoto wake wa miaka 8 alikuwa ameumwa ku muguu na mbwa wa jirani. "Tulizania ni kidonda tu, tukaweka majani," alituambia. Kisha siku mbili yule mbwa akafa peke yake, mate yakimutoka. Muuguzi wa kituo cha afya aliposikia hivyo, akawaambia wakimbie mjini siku ileile, juu chanjo ya watu haikuwa pale. Waliuza mbuzi wawili kwa bei ya haraka ili wapate pesa ya safari, na wakarudi mjini mara zingine kumaliza sindano zote. Mutoto ni muzima leo. "Lakini ile mbuzi mbili ilikuwa minerval yake," mama akasema. Na jirani? Wote wawili ni memba wa ushirika, lakini ku mukutano hawakae tena benchi moja.

Ndiyo maana tunaandika habari hii. Mbwa haitoe maziwa, ni kweli. Lakini analinda mbuzi usiku, anafukuza nyani mu shamba la mahindi. Paka analinda depo ya mbegu, juu panya wanaweza kuharibu mavuno mu kipindi kifupi. Hawa ni wafanyakazi wetu. Wakigonjwa, ugonjwa unaweza kuingia mu nyumba.

Ugonjwa mubaya kupita yote ni kichaa cha mbwa, ule wengi tunaita raje. Karibu watu wote wanaoupata (99 kwa 100) wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59.000 wanakufa kila mwaka, wengi ni wa Afrika na Asia, na karibu 4 kwa 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya dalili, chanjo inaokoa. Ilianza zamani: mwezi wa 7 mwaka wa 1885, Louis Pasteur alitibu kule Paris mutoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mutoto akaishi.

Mutu akiumwa, tufanye nini?

Tuoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Tusiweke majani, mafuta wala majivu. Tukimbie ku kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama ni kukwaruzwa tu. Mbwa akiwa bado muzima, tumufunge mahali pazuri, tumupe chakula na maji, tumuangalie siku 10. Akikufa ao akibadilika, tujulishe muuguzi na munganga wa mifugo. Lakini tusingoje siku 10 ziishe ndipo tupeleke mutoto! Na nyama ya mbwa aliyekufa hivyo isichunwe, isiliwe.

Kwa nini kuchanja pamoja?

Mwenye kuchanja mbwa wake peke yake anafanya vizuri, lakini kijiji kinabaki na hatari. Wataalamu wanasema inafaa mbwa 7 kwa 10 wachanjwe ndipo ugonjwa ukose njia ya kupita. Ushirika wenye mbwa 60 unahitaji kuchanja 42. Hata mbwa wanaozunguka sokoni bila mwenye, wengine waliachwa watu walipokimbia vita, wahesabiwe. Chanjo irudiliwe kila mwaka ao vile munganga atakavyoandika ku karte.

Hapa ushirika una nguvu kuliko mutu mumoja. Chanjo inapaswa kukaa mu baridi, kati ya digri 2 na 8. Munganga hawezi kubeba frigo kwa ajili ya mbwa watatu. Akijua kuna 42 wanamungoja, safari yake ina maana, na gharama tunaigawana.

Ule ushirika tuliotembelea ulipanga hivi: sekretere anaandika daftari la mbwa na paka wa kila nyumba. Mbwa wanachanjwa siku moja na mbuzi, lakini upande mwingine, asubuhi, mbele ya jua kali. Kila mbwa anakuja na kamba, anashikwa na mukubwa anayemuzoea, hapana mutoto. Mbwa mukali anafungwa mudomo kwa kitambaa kwa muda mufupi. Pesa inatoka ku mufuko wa ushirika, memba anarudisha kidogo kidogo wakati wa mavuno.

Tusisahau mengine

Siku hiyohiyo tuombe dawa ya minyoo. Minyoo ya mbwa na paka inaweza kuingia kwa watoto wanaochezea udongo. Matumbo ya mbuzi tunayochinja tusitupie mbwa mabichi. Tuyachome ao tuyazike kwa kina.

Tusikisie dawa. Dawa ya ng'ombe ikipewa mbwa bila kipimo inaweza kumuua. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja. Dawa nyingine za kupe zenye permetrini, ambazo mbwa anavumilia, zinaua paka. Na tukiweka sumu ya panya mu depo, paka anayekula panya yule anaweza kufa naye; kisha panya wanaobaki wanafurahi.

Tarehe 28 mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Tusingoje ifike. Ku mukutano unaokuja, muulize swali moja tu: kwetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa? Muandike hesabu, mumupelekee munganga wa mifugo wa eneo lenu, mupange naye siku.

Yule papa aliyecheka, tulimukuta tena siku ya chanjo. Alikuwa ameshika kamba mbili. "Moja ni ya kwangu," akasema, "ingine ni ya ule mama, yeye iko ku shamba."

Mubaki salama, na kazi njema.