Mkate wa Ufuta wenye Jibini na Mboga: Pikeni kwa Idadi ya Wanunuzi



Kikundi kikitaka kuanza biashara ya chakula hapa Eastlands, wazo la kwanza huwa mandazi au chapati. Ni kazi nzuri. Lakini ukitembea Majengo, Umoja, Kayole au Dandora, karibu kila kona iko na mtu wa mandazi tayari. Leo tunaeleza kitu tofauti: mkate wa ufuta uliopasuliwa na kutiwa jibini na mboga.

Huko Uturuki watu hununua barabarani mkate wa duara wenye ufuta, uitwao simit, na wengi huula na jibini. Sisi pia tuna wetu, mkate wa ufuta wa Zanzibar na pwani, unaokandwa kwa tui la nazi na kupendwa sana mwezi wa Ramadhani. Hauhitaji oveni. Jiko la makaa na pani vinatosha.

Jibini kwanza

Jibini ya dukani ni ghali, kwa hivyo tutengeneze yetu. Chemsha lita 3 za maziwa mpaka yafure. Usiruke hatua hii, kwa maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu. Punguza moto, kisha tia maji ya limau kidogo kidogo, vijiko 6 hadi 9 vya mezani, ukikoroga polepole. Maziwa yakikatika na kuwa mabonge, acha kutia. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, tia chumvi, funga, na uweke kitu kizito juu kwa saa moja. Maji yaliyochujika usimwage. Yakipoa, yanaweza kuchukua nafasi ya nusu ya tui kwenye unga.

Mkate

Changanya unga wa ngano kilo 1, hamira vijiko 2 vya chai, chumvi vijiko 2 vya chai, yai 1 na tui vikombe 3 na nusu. Unga huu ni laini kuliko wa chapati, unanata mkononi. Upige vizuri, ufunike, uache uumuke kama saa moja. Utatoa mikate 10.

Pasha moto pani ya chuma isiyo na mpini wa plastiki. Usitie mafuta! Lowesha mkono, tandaza unga upana wa sahani, nyunyiza ufuta juu ukiwa bado mbichi. Upande wa chini ukishika, geuza pani yenyewe, uso wa mkate uangalie makaa mpaka uwe rangi ya kahawia. Sisi mara ya kwanza tulipaka mafuta kama ya chapati, na mkate wote ukaanguka kwenye makaa. Ni kule kunata kunakoushikilia. Ukiiva, ubandue kwa kisu, uukate vipande viwili, upasue kila kimoja kama mfuko.

Mboga

Nyanya, kitunguu, karoti, kabeji, hoho na dania zinafaa. Lakini kumbukeni kwamba mboga hizi haziguswi na moto. Nairobi ilipata kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017, na ugonjwa huo hupitia maji na chakula kichafu. Tena mboga nyingine hulimwa kando ya mito yenye maji taka. Osheni mboga kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, si kwa maji ya mtungi tu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukata na kila mtu atokapo chooni. Katakata karibu na wakati wa kuuza. Pia wapishi wote wapate cheti cha afya kutoka kwa maafisa wa afya wa kaunti.

Hesabu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Tuseme vitu vyote, pamoja na makaa na usafiri, vimegharimu shilingi 800, na mmepata vipande 20. Kila kipande kimewagharimu shilingi 40. Mkiuza vyote kwa shilingi 50, mnapata 1,000, faida 200. Vikibaki 3, faida ni shilingi 50 peke yake. Vikibaki 4, mmefanya kazi bure.

Hapo ndipo majaribu huingia. Mtu atasema, "Si tutauza kesho asubuhi?" Hapana! Jibini hii bila friji ni ya siku ile ile, na mboga zilizokatwa pia. Mteja mmoja akiugua, mtaa mzima utajua kabla ya jua kutua, na jina la kikundi halirudi kwa shilingi 200.

Kwa hivyo msianze kwa kupika, anzeni kwa kuuliza. Jioni, wanachama wawili wapite kwa fundi wa jua kali, kwa saluni, kwa walimu na kwa jirani, waandike nani anataka kesho. Chakula hiki hakina nyama, kwa hivyo hata asiyekula nyama ya kila kibanda anaweza kuagiza. Wakiwa 10 tu, pikeni nusu kilo. Daftari likikua, sufuria nayo ikue.