MALENGELENGE JUU YA BONETI: NI MAJI AU NI HEWA?

Kila askari aliyepata kutembea maili nyingi akiwa na buti jipya anayajua malengelenge, na bila shaka analikumbuka onyo la tabibu wa kikosi: usilipasue lengelenge kwa pupa, iache ngozi ikilinde kidonda. Onyo hilo ndilo nililolisahau siku nilipoyaona malengelenge ya namna nyingine juu ya boneti ya gari la ofisi yetu. Kwa kusahau kwangu, dereva wetu, ambaye ndiye mwenye cheo cha chini kuliko wote katika ofisi ile, nusura akatwe mshahara.

Gari hilo lilikuwa limetoka mjini kubandikwa utando wa kulinda rangi. Wengi wenu mmekwisha kuuona: ni ngozi angavu ya plastiki ambayo mafundi huilaza juu ya boneti, bampa na pembe za milango, ili kokoto za barabara ya changarawe zisiichubue rangi. Siku hizi maofisa na wapiganaji wengi, pamoja na ndugu zetu wa polisi, hujinyima miaka kadhaa wakanunua gari lililokwisha kutumika Japani, na ni haki yao kutaka rangi yake idumu. Anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara kama hiyo hahitaji kuelezwa kokoto hufanya nini.

Asili ya utando huo, kwa kweli, ni ya kijeshi. Wakati wa vita vya Vietnam helikopta za Marekani zilitua na kuruka penye mchanga na vifusi, na mapanga yake yakawa yanalika kingo. Kampuni ya 3M ikatengeneza utando wa poliurethani, mwepesi na mgumu kutoboka, wa kubandikwa kwenye kingo hizo. Miaka mingi baadaye utando wa jinsi hiyo ukaingia katika magari ya mashindano, kisha katika magari ya watu wa kawaida. Ule unaouzwa leo kwa kawaida una unene wa maikroni 150 hadi 200. Na maikroni 200 ni moja ya tano ya milimita. Mgongoni una gundi ambayo hushika kwa kukandamizwa, na ushikaji wake huzidi kadiri siku zinavyopita.

Hapo ndipo inapoanzia habari ya malengelenge. Utando huo haubandikwi mkavu. Fundi huirowesha rangi kwa maji yaliyotiwa matone machache ya shampuu ya watoto, ili gundi isishike papo hapo naye apate kuusogeza utando mpaka ukae sawasawa. Panapotakiwa kushika upesi, kwa mfano kwenye kona, hunyunyiza maji yaliyochanganywa na spiriti. Kisha huchukua raba ya kukamulia, akayasukuma maji kutoka katikati kwenda kingoni. Hata fundi hodari hawezi kuyatoa yote. Kiasi kidogo hubaki chini, na baada ya siku moja au mbili gundi inapoanza kushika pande zote, maji hayo hukusanyika mahali pamoja, yakauinua utando. Mwenye gari akiamka asubuhi hudhani ameibiwa.

Nami ndivyo nilivyodhani. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, na gari lilitakiwa kuwabeba wageni baada ya siku chache. Nilihesabu malengelenge 31. Dereva akanijia kwa heshima, akasema, "Afande, fundi alituambia tungoje wiki mbili." Nikamjibu kwa ukali, "Unamtetea fundi kwa sababu amekupa chai?" Akanyamaza. Nikaamuru aandike maelezo, naye sajini wa uchukuzi nikamwagiza ayapasue malengelenge yote. Sajini akaanza upande wa kushoto, kwa pini na wembe. Alikuwa amekwisha kuyapasua 14 mvua kubwa iliponyesha, sote tukakimbilia ndani, na kesho yake akatumwa safari. Upande wa kulia ukasalimika kwa bahati tu.

Siku ya kumi na mbili upande wa kulia ulikuwa safi kama kioo. Yale malengelenge 17 yalikuwa yametoweka bila kuguswa na mtu. Upande wa kushoto ulikuwa na matundu 14, kila tundu limeingiza vumbi likawa nukta ya rangi ya udongo, na mahali pawili wembe ulikuwa umepita utando ukaifikia rangi yenyewe.

Sababu ya jambo hilo si ya ajabu. Poliurethani hupitisha mvuke, ingawa polepole sana. Maji yaliyobaki chini yake huondoka kidogo kidogo kwa njia hiyo, kwa siku kadhaa au majuma kadhaa, na gundi huteremka nyuma yake ikaishika rangi. Jua huharakisha kazi hiyo. Baridi na unyevu huichelewesha. Kwa hiyo gari lililobandikwa Kabale wakati wa masika lisilinganishwe na lililobandikwa Moroto wakati wa kiangazi. Hewa ni kitu kingine. Iliyofungwa chini ya utando kwa sababu fundi alikosa kunyunyiza maji ya kutosha, au alilazimika kuuvuta utando kwenye mkunjo wa bampa, yaweza kukaa hapo mpaka ifunguliwe njia. Hatari ya mtu asiyejua ni kuyatendea maji kama hewa, kama nilivyofanya mimi.

Kuvitofautisha viwili hivyo hakuhitaji chombo. Lengelenge la maji huwa bapa, lina ukungu kidogo, na ukingo wake hauna umbo maalumu. Kiputo cha hewa huwa cha mviringo, hung'aa kama fedha, na mpaka wake ni dhahiri. Asubuhi, boneti ikiwa baridi, bonyeza polepole kwa nyama ya kidole, kamwe si kwa ukucha. Maji husogea kando. Hewa hubonyea, kisha huinuka tena palepale. Kuna na jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na haya: punje ya mchanga au uzi ulionaswa wakati wa kubandika. Huo huonekana kama hema dogo lenye mti wake katikati, na hauponi kwa kungoja wala kwa kutobolewa. Kipande hicho ama kivumiliwe, ama kibandikwe upya.

Mtu akiwa bado na shaka, namshauri achore boneti kwenye daftari la gari, kama tunavyochora kadi ya shabaha, aoneshe kila lengelenge na ukubwa wake, na atie tarehe. Baada ya siku tatu au nne atazame tena. Linalopungua ni maji, liachwe. Lisilobadilika hata kidogo mpaka mwezi unakwisha si maji.

Katika siku saba za kwanza gari lisioshwe, na hata baadaye bomba la maji yenye nguvu lisielekezwe kwenye kingo za utando. Lianikwe juani kwa kadiri. Sipendi kabisa desturi ya vijana wengine ya kuleta mashine ya hewa moto wakaichoma boneti kwa dakika kumi. Utando hulainika, ukavutika, na alama ya kuvutika haifutiki. Kama ukingo umeinuka, usiung'oe kwa kidole kutaka kujua kuna nini chini. Rudi kwa fundi mapema, maana siku za kwanza bado aweza kuuinua, akanyunyiza maji yake, akaukamua upya. Mafundi wazuri humwita mteja baada ya wiki moja au mbili ili waukague. Ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti kabla ya kutoa fedha.

Kiputo ambacho ni hewa kweli, na fundi yuko mbali, ndicho peke yake kinachostahili sindano. Wembe hapana, pini hapana. Sindano iwe ile nyembamba kabisa, kama ya insulini, mpya na safi. Mahali paoshwe na kukaushwa kwanza ili vumbi lisiingie. Sindano ilazwe karibu bapa, itoboe ukingoni mwa kiputo, isishuke mpaka kwenye rangi. Kisha hewa isukumwe kwa kidole kilichofungwa kitambaa laini, kutoka upande wa pili kuja kwenye tundu, na mahali hapo pakandamizwe kwa muda. Tundu moja la namna hiyo halionekani kwa urahisi. Matundu 14 ya pini huonekana kutoka geti la kambi.

Kuhusu gari letu, fundi alikuja akalitazama. Alisema upande wa kulia ni kazi yake, na upande wa kushoto ni kazi yetu. Sikuwa na la kumjibu. Maelezo ya dereva yalikuwa yamekwisha kufika mezani kwa mkuu wangu, na hesabu ya hasara imeandikwa mbele ya namba yake. Nilikwenda kwa mkuu, nikapiga saluti, nikasema kwamba amri ilikuwa yangu na kwamba dereva alinionya. Karatasi ile ikachanwa, na gharama ya kipande kipya ikatoka mfukoni mwangu. Nilimwomba dereva radhi mbele ya sajini, kwa kuwa mbele ya sajini ndiko nilikomshutumu.

Kipande kipya kilipobandikwa, kilitoa malengelenge tisa. Dereva aliyachora daftarini na kuandika tarehe, hakuna aliyeyagusa, na wiki ya tatu hapakuwa na hata moja. Ile mistari miwili ya wembe ingalipo kwenye rangi, chini ya utando, nayo huonekana vizuri zaidi saa za asubuhi.