Fahamu: Fidia ya ulemavu kazini na miezi iliyokwishapita

Mfanyakazi wa ghala la tumbaku Sikonge, Tanzania, akiangukiwa na robota, mkono ukapooza, swali la kwanza nyumbani huwa: na miezi ile aliyolala bila kazi, nani atailipa?

Jibu liko kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Akiwa bado kwenye matibabu, analipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Hali ikishatulia, daktari anapima ulemavu kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, hulipwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi.

Ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Andikeni tarehe yake siku ileile, tunzeni cheti cha hospitali na hati za mshahara. Malipo yakichelewa, ulizeni kwa maandishi: yamehesabiwa kuanzia tarehe ipi?

Mfuko hauendi nyuma bila kikomo. Ulianza kulipa fidia Julai 2016. Kabla ya hapo sheria ya zamani ilimpa mlemavu wa kudumu shilingi 108,000 tu kama kiwango cha juu, aibu kubwa.

Linaloniuma zaidi ni mkulima wa tumbaku anayelima shamba lake mwenyewe. Hana mwajiri, basi hayumo kabisa. Kwake, kama kaya yake ni maskini na imeandikishwa, imebaki ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.