Kitako na Mtutu

Katika istilahi za bunduki, kitako ni mti ubebao chuma. Jina hilo, litokanalo na tako, huficha ugumu wa kazi: mti hunywa unyevu, ukavimba, ukausukuma mtutu na shabaha ikahama. Kitako kilichochongwa Butembo, penye baridi ya milima, hakikai vile vile Beni, kwenye joto la ukingo wa msitu.

Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889, iliyotumiwa na Force Publique nchini Kongo, ilivikwa mtutu wake ala ya chuma ili usiguse mti. Hila nzuri, ila ala hiyo huficha kutu.

Kwa bunduki isiyo na ala, fundi hupaka chuma masizi, akakilaza mtini, kisha akaparua palipochafuka, kidogo kidogo, mpaka kilale bila kulazimishwa. Mtutu huachiwa upenyo wa karatasi.