Kilo ya Maharagwe na Moto Wake

Nyamakima, katikati ya Nairobi, ndiko wafanyabiashara wa nafaka walikojaa. Mikokoteni inapishana na matatu, na magunia yamekunjwa midomo mnunuzi ajionee maharagwe: rosecoco, nyayo, mwitemania. Uliza biashara hii inachafulia hewa wapi, utaonyeshwa lori linalofuka moshi.

Hesabu inakataa. Lori la tani 28 kutoka Kitale, safari ya kilomita 380 hivi, laweza kumaliza lita 150 za dizeli. Zigawe kwa mzigo wote, na kila kilo inaangukiwa na kijiko kimoja cha chai. Likirudi tupu, tuseme viwili.

Makaa ya kuichemsha kilo hiyo hayapimwi kwa kijiko. Isitoshe, kilo moja ya makaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni katika tanuri la udongo; zilizobaki hupotelea hewani. Halafu kuna mwinuko: jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hivyo maji huchemkia karibu nyuzi 94 badala ya 100 za Mombasa, na maharagwe huchukua muda zaidi kuiva. Sufuria ya presha hufikisha karibu nyuzi 120.

Kangemi, kando ya Waiyaki Way, dawa ilipatikana bila semina. Akina mama huchemsha sufuria kubwa la maharagwe au githeri, likafunikwa kwa nailoni chini ya kifuniko mvuke usitoroke, na majirani hununua kwa kikombe wakaunge kwao. Hakuna anayewaita wanamazingira, ingawa jiko lao moja limezima mengi.

Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012, linafanya vivyo hivyo kwa ukubwa mwingine. Katika mpango wa chakula cha shule uitwao Dishi na County, ulioanza 2023, mwanafunzi hulipa Sh5 kwa mlo, na jiko kuu kubwa zaidi lina uwezo wa kupika milo 60,000 kwa siku.

Turudi Kangemi: ng'ambo ya Waiyaki Way, Loresho, ndiko makao makuu ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyotoa mbegu ya maharagwe ya Nyota, yanayoiva haraka jikoni. Stima nayo, nyingi ikitoka kwenye mvuke wa ardhini, mito na upepo, ni safi kuliko makaa, na Kenya Power inahimiza watu waipikie kupitia kampeni ya Pika na Power. Ila presha ya stima hulipiwa kwa mkupuo, makaa kwa mkebe. Tena nyingi za madukani ni za lita sita. Sufuria la Kangemi hulisha ploti nzima.