Ile Jina Stanley Ilitoka Wapi?

Muji wetu uliitwa Stanleyville mpaka 1966. Tumejiuliza: ile jina Stanley maana yake nini?

Ni neno la Kiingereza cha zamani. "Stan" ni jiwe. "Leah" ni pahali peupe katikati ya pori, miti imekatwa. Basi, uwanja wa mawe. Vijiji kadhaa vya Uingereza viliitwa hivyo, na watu waliotoka kule wakabeba jina la kijiji. Ukoo mumoja ulipanda sana: 1485 Thomas Stanley alifanywa bwana mkubwa wa Derby.

Lakini Stanley wetu hakuwa wa ukoo ule hata kidogo! Alizaliwa Wales 1841, jina lake John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka wa 1859 alifika New Orleans, Marekani, na nyuma akajiita kwa jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Aliandika kwamba tajiri yule alimfanya mwana wake. Waliochunguza maisha yake hawakusadiki. Njo kusema, muji wetu ulibeba miaka mingi jina ambalo mwenyewe aliliazima.

Watu wa Kongo ya chini walimpa lingine: Bula Matari, mvunja mawe, kwa vile alipasua miamba akitengeneza barabara. Hawakujua Kiingereza, na bado jiwe likamfuata! Hilo hakuliazima. Kiisha watu wakaita vile serikali yote ya wakoloni, na hawakulitaja kwa furaha.