JE, WAJUA? Dozi ya TB haiishii getini

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015, zina jina la mtu aliyeugua kifua kikuu (TB) akiwa kifungoni. Nelson Mandela alibainika kuwa na ugonjwa huo Agosti 1988, akiwa gereza la Pollsmoor, Cape Town.

Kanuni ya 24 inataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha raia wa mtaani, na tiba isikatike anapotoka. Hapo ndipo penye kazi. Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Tuseme mtu amefungwa miezi michache Mpanda mjini, mkoani Katavi, Tanzania, au yuko gereza la kilimo la Kalilankulukulu, akaanza dozi humo. Siku ya kutoka, dozi haijafika hata nusu. Asipokabidhiwa kadi ya matibabu na barua ya uhamisho kwenda kituo cha karibu na kwao, Mishamo au Inyonga, huenda asionekane kliniki yoyote, na vimelea vikawa sugu.

Kanuni ya 108 inamwongezea anayetoka mavazi, vitambulisho na nauli.

Wengine hawaingii gerezani kabisa: Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Tanzania ya 2002 inaruhusu mahakama kumpa mwenye kifungo kisichozidi miaka 3 kazi za jamii bila malipo, kama kufanya usafi hospitalini.